Mkopo wa simu wa siku saba: nilichopokea na nilicholipa

Nianze na sababu, mcheke mmalize. Mwaka 2024 nilikuwa na miezi minne kazini, kazi yangu ya kwanza hapa Dar. Bodi ya Mikopo, ile iliyonisomesha chuo, tayari inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, halafu rafiki yangu wa chuo akaleta kadi ya mchango wa harusi. Nikaahidi laki moja mbele ya grupu zima la WhatsApp. Tarehe 17 sina kitu, mweka hazina ananiita kwa jina. Nikapakua programu ya mkopo.

Kwa kasi wapewe sifa yao. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), picha ya uso, dakika tano hela ipo kwenye simu. Ila niliomba 100,000, ikaingia 72,000. Elfu 28 walishaikata juu kwa juu, wanaiita ada ya huduma, na marejesho ni 100,000 kamili ndani ya siku saba. Yaani hata mchango wenyewe haukutimia.

Siku ya saba sina. Kuna kitufe cha kuongeza muda: lipa 28,000, upate wiki nyingine. Nilidhani hiyo hela inapunguza deni. Haipunguzi hata shilingi. Nilikibonyeza mara tatu, kwa sababu mshahara ulipoingia kodi ya chumba iliumeza. Piga hesabu: 84,000 za kusogeza siku, kisha 100,000 yenyewe. Nimelipa 184,000 kwa hela 72,000 niliyoishika. Mikopo ya aina hii mtaani inaitwa kausha damu, na jina limekaa mahali pake.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni 3,500.

Hela, hata hivyo, ilipita. Kilichoniuma ni majina ya kwenye simu. Wakati wa kujisajili iliomba ruhusa ya kuyasoma, nami nikabonyeza kubali, kubali, kubali. Nilichelewa siku mbili tu, wakaanza kuwatumia watu meseji: huyu ni tapeli, na wewe ndiye mdhamini wake. Ikamfikia bosi, fundi bomba, mwalimu wa kwaya. Baba mdogo akapiga kutoka Tabora. "Mwanangu, hawa wanasema nimekudhamini. Nilisaini wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaomba advansi kazini nikalipa siku hiyohiyo.

Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Niliisoma yote, na wangu nikawakuta humo. Mngeniuliza mimi cha kufanya kabla ya kupakua, ningesema anzeni na leseni, na programu ikitaka majina ya kwenye simu yako, ifute hapohapo.

Nyota moja, ya kasi.

Siku hizi nacheza mchezo wa kupeana hela kwa zamu na wenzangu ofisini: watu kumi, elfu 50 kila mwezi, kijumbe anayezikusanya ni dada wa mapokezi na hana masihara. Ubaya wake, shida haisubiri zamu. Mimi nimeangukia ya nane. Ila hakuna anayempigia baba mdogo.

Fundi bomba bado kila nikimwita anataka hela kwanza.