can-utils: sipandi tena matatu hadi Busia kwenda kujaribu kisanduku

Zamani nikibadilisha mstari mmoja tu wa programu ya kisanduku chetu, ilibidi nipande matatu ya mteja hapa Kisumu, nikae mbele na laptopu magotini, twende Kisian, Maseno, Luanda, Yala, mpaka Busia. Kisanduku chenyewe kazi yake ni moja: kinasoma mwendo wa gari kwenye plagi ya OBD (ile ya fundi kupimia gari) na kumlilia dereva akipita kilomita 80 kwa saa. Sasa mwambie dereva aliyejaza abiria apitishe 80 makusudi ili usikie kama kitalia. "Fundi, faini utalipa wewe?" Akienda pole pole kwa kuogopa askari, nimerudi Kondele jioni bila jibu, nauli imeenda.

Siku hizi ile safari iko ndani ya faili. can-utils ni mkusanyiko wa programu ndogo ndogo za Linux, za bure, na mimi naziendesha kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo. candump inanasa kila ujumbe unaopita kwenye waya mbili za CAN, mtandao wa ndani ya gari ambao vifaa vyake huzungumzia, canplayer inaucheza upya kwa nafasi zilezile za muda, cansend inatuma ujumbe mmoja unaoutaka. Chini yake kuna SocketCAN, kazi iliyotoka kwa watafiti wa Volkswagen na kuingia ndani ya Linux mwaka 2008, ndiyo maana kompyuta inaiona CAN kama mtandao mwingine wowote. Wenye viwanda wana CANoe, programu ya kampuni ya Vector ya kazi hiyo hiyo, na leseni zake. Mimi mteja wangu mkubwa ana matatu tatu.

Jaribio langu la kwanza kila asubuhi ni hili, najifanya gari linalotaja mwendo wake:

cansend can0 7E8#03410D50

Ile 50 ya mwisho ni heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), yaani 80 ya kawaida. Kisanduku kinyamaze. Naweka 51, kilie. Chai haijapoa na nishajua.

Ila canplayer ni kaseti. Inacheza tu, haisikii. Kisanduku kinauliza mwendo kupitia 7DF, namba ya ujumbe wa maswali, nayo inaendelea kumwaga majibu yaliyorekodiwa, swali lije lisije. Kwa hiyo kosa la kisanduku kusahau kuuliza halionekani kabisa. Wiki nzima lilinipita nikijiona nimemaliza kazi. Dawa ni python-can, maktaba ya lugha ya Python ya kuzungumza na CAN. Niliandika mistari kama hamsini inayojifanya gari: ikisikia swali inajibu, mara nyingine inachelewa kusudi, mara nyingine inakaa kimya kama injini iliyozimwa. Nikaiunganisha na pytest, chombo cha kuendesha majaribio, na sasa majaribio yanaenda usiku mimi nikilala, stima ikikubali.

Hiyo ndiyo iliyonitolea mdudu mmoja wa programu aliyenisumbua sana. Mteja mmoja alifungiwa kisanduku moja kwa moja kwenye betri, si kwenye swichi ya kuwashia gari. Kikafanya kazi vizuri, kisha siku moja kikawa bubu. Tukalaumu spika. Tukabadilisha spika! Kumbe kuwasha upya wakati wa kubadilisha ndiko kulikokiponya. Kaunta ya milisekunde ya biti 32 hujaa baada ya siku 49 na saa 17 hivi, inarudi sifuri, na hesabu yangu ya muda ilikuwa haijui hilo. Gari zinazozimwa kila usiku haziwezi kukuonyesha kosa hilo hata ukipanda miaka miwili. Kwenye benchi nilianzisha kaunta sekunde tano kabla ya kujaa, nikacheza safari ya Busia, na kabla sijafika hata Kisian kisanduku kikafa mbele ya macho yangu. Omera, nilicheka peke yangu.

Lawama yangu moja ni kwa vcan, ule mtandao wa CAN wa kubuni ndani ya kompyuta. Unakudanganya kwa upole. Majaribio yote yalipita, nikachomeka adapta ya kweli ya kuunganisha kompyuta na waya za CAN, niliyoagiza kwa bei ya chini, hakuna kitu kilichopita. Siku mbili nikisoma programu mstari kwa mstari. Mwishowe nikazima kila kitu nikaweka mita kwenye waya mbili: badala ya omu 60 (rezista mbili za 120 zikiwa sambamba, moja kila mwisho wa waya), maelfu. Karatasi ya adapta ilisema rezista ya omu 120 imo ndani, nayo haikuwa imechomelewa, na upande wa kisanduku niliitegemea hiyo hiyo. Nikaweka mbili, moja kila mwisho, ujumbe ukaanza kutiririka hapo hapo. Programu haikuwa na kosa lolote.

Kama unaanza, vcan itumie kuandika majaribio tu. Adapta tafuta yenye kiswichi cha rezista unachokiona kwa macho, na mita iwe kando yake.