Saratani ya matiti iliyorudi: kidonge au dripu?

Ikisharudi na kufika kwenye mifupa au ini, kwa kawaida haiponi kabisa. Kinachotafutwa ni muda, na muda wenye nafuu. Tamoxifen ni kidonge cha miligramu 20 kwa siku, unameza nyumbani na chai. Ni rahisi, nywele zinabaki, ila joto la ghafla usiku hulowesha shuka. Na kama kipimo cha kipande cha uvimbe hakikuonyesha vipokezi vya homoni (sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni, ambazo dawa hii huziziba), kidonge hiki hakina kazi. Dripu ya kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), mathalani paclitaxel, ni nauli, foleni na ganzi vidoleni hadi kifungo cha blauzi kinakushinda. Kwa kasi, ndiyo inayoshinda: ini likilemewa, kidonge huchelewa. Mwenye vipokezi, na saratani imefika mifupani tu, aulize kidonge kwanza.