Uzoefu wangu na santuri ya The Judds, Why Not Me

Nilinunua santuri hii ya mtumba hapa Nakuru miezi minane iliyopita kwa shilingi 2,500, na tangu wakati huo nimeicheza karibu kila Jumapili baada ya kutoka kanisani. Wengi wetu tunaopenda kantri nchini Kenya tulilelewa na Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton, ambao redio ilituletea hadi sebuleni, lakini kila nikiwataja The Judds huulizwa ni akina nani hao. Nimeona ni haki yao niandike kuwahusu.

Ni mama na binti yake, Naomi na Wynonna Judd, wenyeji wa Ashland katika jimbo la Kentucky, Marekani. Kabla ya kupata jina, Naomi alikuwa muuguzi jimboni Tennessee, na mmoja wa wagonjwa aliowahudumia alikuwa binti wa mtayarishaji wa muziki Brent Maher, aliyekuwa amelazwa baada ya ajali ya gari. Naomi alimpa baba wa mgonjwa kanda waliyojirekodia wenyewe kwa kinasa sauti cha bei nafuu, na Maher, alipoisikiliza kwa makini, akaamua kufanya kazi nao. Why Not Me ilitoka mwaka 1984, ikiwa albamu yao ya kwanza kamili baada ya santuri fupi ya nyimbo sita. Wynonna alikuwa na umri wa miaka 20 na mama yake 38.

Kinachonivuta kwanza ni jinsi albamu hii ilivyoachiwa nafasi ya kupumua. Wimbo uliobeba jina la albamu unafunguliwa na gitaa kavu la Don Potter, nyuzi zikikwanyuliwa kwa namna ambayo ukikaa karibu na spika unasikia hata kidole kinavyoteleza juu ya waya, kisha sauti ya Wynonna inaingia bila haraka, nzito kuliko umri wake. Anamsimulia mwanamume aliyezunguka dunia nzima akitafuta mapenzi, ilhali msichana wa Kentucky amekaa akimngoja, na swali lake ni kwa nini asiwe yeye. Ngoma na besi zipo, lakini hazimsukumi mwimbaji. Maher angeweza kujaza kila pengo kwa vinanda, na namshukuru kwa kutofanya hivyo.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kazi ya Naomi. Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, na najua ugumu wa kumfuata mwenzako pumzi kwa pumzi, kutamka naye silabi ya mwisho na kuikata pamoja naye, bila kumfunika hata kidogo. Naomi, aliyekuwa mama na mkubwa kwa umri, alikubali kusimama nyuma ya binti yake. Katika Love Is Alive, wimbo wa taratibu uliotungwa na Kent Robbins unaoyaweka mapenzi kwenye meza ya chai ya asubuhi badala ya mbalamwezini, Wynonna huanza peke yake, na mama yake anapojiunga naye ni kama mtu aliyeingia chumbani kwa hatua za chini na kuketi kando yake. Nimeurudia wimbo huo mara nyingi nikijaribu kumsikiliza Naomi peke yake, nami hufika mahali nikashindwa kuzitenganisha sauti hizo mbili.

Si kila wimbo umefikia kiwango hicho. Endless Sleep ni wimbo wa zamani, wa miaka ya 1950, wenye kiza kizito cha bahari na kifo, na kila mara huhisi kwamba umeingia katika nyumba isiyo yake. Girls' Night Out umechangamka na kwenye sherehe utafaa, ingawa mimi siusubiri. Nakiri kuwa wasikilizaji wa Marekani waliupenda kuliko mimi, kwa maana ni mmoja wa nyimbo nne za albamu hii zilizoshika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani.

Nina malalamiko kuhusu nakala yangu, wala si kuhusu wanamuziki. Muuzaji aliniapia kwamba santuri ni safi, lakini nilipofika nyumbani nikakuta mkwaruzo upande wa kwanza, ambapo sindano huruka mara mbili, naye alikataa kunibadilishia. Atakayenunua ya mtumba aitoe kwenye jalada lake na kuitazama kwa kuiinamisha kwenye mwanga kabla ya kutoa fedha.

Upande wa pili, kwa bahati nzuri, hauna dosari, na mwisho wake kuna Mama He's Crazy, wimbo uliotungwa na Kenny O'Dell. Binti anamweleza mama yake kwamba amempata mtu anayempenda sana, na mama anayeelezwa ndiye anayeimba naye. Naomi alifariki tarehe 30 Aprili 2022, siku moja tu kabla ya wawili hao kuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri jijini Nashville, na Wynonna akahudhuria sherehe hiyo bila yeye. Mwezi uliopita mama yangu mzazi alikuwa amekuja kunitembelea, na wimbo huo ulipoanza akaweka kikombe chake chini. Kiingereza chake ni kidogo na sikuwa nimemweleza lolote kuhusu waimbaji. "Hao ni mtu na mwanawe," akasema, kisha akaniomba nirudishe sindano mwanzo.