Uzoefu wangu: .300 Winchester Magnum iliyopunguzwa kilo 1.25 kwa ajili ya pori la Tabora

Bunduki yenyewe ni ya kuwindia, ya kaliba ya .300 Winchester Magnum (risasi yenye baruti nyingi), iliyojengwa juu ya risiva ndefu ya Remington 700 (risiva ni mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti), mtutu wa inchi 26, kitako cha mbao na darubini ya Nightforce NXS 5.5-22x50. Kwenye mizani, bila risasi, ilisoma kilo 5.47. Ukilala chini na kuegemeza, ni tulivu ajabu. Lakini ukiibeba kutwa kwenye miombo ya Tabora mwezi wa Oktoba, jua limekaza na mbung'o hawakuachi, utamfikia palahala pumzi imekatika na mikono inatetemeka, na hapo utulivu wote wa mtutu mzito unakuwa umepotea njiani. Nikaipeleka kwa fundi anayejenga bunduki kwa oda, Afrika Kusini, aipunguze. Ikarudi kilo 4.22. Nimeitumia kiangazi na mvua za kwanza, na haya ndiyo maoni yangu.

Gramu 320 zimetoka kwenye darubini peke yake. Ile Nightforce ni imara sana, ila ina karibu gramu 880. Mahali pake imekaa Leupold VX-5HD 3-15x44, gramu 560 hivi. Bangili zinazoishika darubini na reli zinazozibeba juu ya risiva, zote za chuma, zimebadilishwa kwa za alumini, gramu 130 nyingine. Kwa hiyo gramu 450 zimeondoka bila mashine yoyote kugusa chuma cha bunduki, na ukijuta unarudisha kama ilivyokuwa. Ningemwambia yeyote aanzie hapo. Ukuzaji wa mara 22 hauna kazi huku: ndani ya miombo mnyama unamwona kwenye mita 80 hadi 150, na hata kwenye mbuga wazi, nyamera akiwa mita 300, mara 12 zinatosha, tena mvuke wa joto unaopanda kutoka ardhini huzidi kuonekana kadiri unavyokuza. Jioni, kioo cha milimita 44 kwenye mara 8 kinakupa mwanga wa kipenyo cha milimita 5.5 jichoni, na unatosha kabisa chini ya kivuli cha miti. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu: darubini nyepesi haizivuti sana skrubu za reli kila bunduki inapopiga teke. Zile skrubu ndogo za risiva ndizo hukatika kwanza kwenye bunduki za magnum zenye darubini nzito.

Kitako kipya ni cha nyuzi za kaboni chenye povu ndani. Pamoja na mpira wa begani, nguzo za alumini (vibomba vinavyopitisha skrubu za risiva) na gundi ya kulazia risiva ndani ya kitako, kina gramu 800. Cha mbao kilikuwa na 1,250. Hapa sina la kubishana. Mbao nzuri inapendeza macho, lakini Tabora inakauka kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha mvua zinaingia Novemba na mbao inavimba. Kinachogusa mtutu kinabadilika, na risasi zinahama mahali zinapopiga bila wewe kugusa kitu. Kaboni haifanyi hivyo.

Kitako hicho ndicho pia kilichokuja na kasoro mbili, na zote ni za haraka ya fundi. Ya kwanza: mfereji wa mtutu ulikuwa unagusa upande wa kushoto, karibu na ncha. Kipimo chake ni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Ipitishe kati ya mtutu na kitako, ivute kutoka mbele hadi kwenye risiva. Inapaswa kuteleza bila kukwama. Yangu ilikwama sentimita tano tu kutoka mbele. Bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga ilipiga vizuri, ikiwekwa kwenye fimbo za kulengea risasi zikahamia kulia, kwa sababu kitako kilikuwa kinausukuma mtutu. Dawa yake ni msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo, kusugua mpaka upatikane uwazi wa milimita 1.5 pande zote, kisha kupaka gundi nyembamba ya epoksi mahali nyuzi zilipobaki wazi. Vaa barakoa, vumbi la kaboni linawasha ngozi na si la kuvuta kifuani.

Ya pili ni ya kuangaliwa na kila anayebadili kitako. Skrubu ya mbele ya risiva ilikuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, ikachomoza ndani na kugusa meno ya bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu). Dalili yake ni bolti kuwa nzito nusu ya mwisho ya kufunga. Legeza skrubu hiyo nusu mzunguko. Bolti ikilainika, umempata mchawi. Skrubu yangu ilipunguzwa kwa tupa kidogo kidogo, ikiachwa ibaki ndani ya uzi wake bila kuchomoza. Kaza skrubu za risiva kwa nyutoni-mita 7.3 kama una nguzo za alumini, na za bangili za darubini zisipite 2. Kisha fanya jaribio la kidole: weka ncha ya kidole pale mtutu unapokutana na kitako, mtu mwingine alegeze skrubu ya mbele. Ukihisi mtutu unaruka, risiva haijalala vizuri kwenye gundi, na kulazwa kurudiwe.

Sahani ya chini ya magazini imebadilishwa kutoka chuma kwenda alumini, gramu 120. Hakikisha tu sanduku la magazini linacheza kidogo sana baada ya kukaza, maana likibanwa kati ya risiva na sahani unakuwa umeharibu ulazaji wote.

Sasa mtutu. Umetoa gramu 230 tu, na ndio uliobeba hatari kubwa. Kukata inchi 2 kwenye mtutu wenye unene wa milimita 18 kunapunguza gramu 80, na kasi inashuka takribani mita 15 kwa sekunde kutoka kwenye 900 za risasi ya greni 180 (kama gramu 11.7). Kwa umbali tunaopiga huku haionekani. Mifereji sita ya nje imetoa gramu 150. Mtutu uliochorwa mistari yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi, kwa kusukumiwa kitufe kigumu hubaki na mvutano ndani ya chuma, na ukichimba mifereji baadaye tundu linaweza kutanuka mahali mahali. Muulize fundi mistari ilichorwaje na kama chuma kilipashwa moto kutoa mvutano, kabla hajawasha mashine. Wangu ni wa mistari ya kukatwa, umebaki sawa. Hata hivyo unapata moto haraka: risasi tatu za kwanza ziko pamoja, ya nne na ya tano zinaanza kupanda. Kwa uwindaji, risasi ya mtutu baridi ndiyo yenye maana, kwa hiyo nimeridhika. Anayetaka kupiga shabaha kutwa asikate wala asichimbe.

Mtutu uliofungwa kaboni niliukataa kwa makusudi. Mtutu mwembamba wa chuma unakaribia uzito uleule; kaboni inakupa unene na ugumu, haikupi wepesi wa ziada, na bei yake inauma.

Teke limepanda, na lazima lisemwe. Risasi na baruti zikiwa zilezile, nguvu ya teke hukua kadiri uzito unavyoshuka: 5.47 ukigawa kwa 4.22 unapata karibu 1.3, yaani asilimia 30 zaidi. Mpira mnene wa begani unasaidia. Fundi alitaka kuweka breki mdomoni mwa mtutu nikakataa, kwa sababu mfuata nyayo na askari wa wanyamapori wanasimama pembeni yako, na mlipuko unaorudishwa pembeni ni wa kuharibu masikio yao. Chini ya kilo 4 nisingeshuka kwa kaliba hii. Bunduki nyepesi pia inasumbuliwa na triga nzito. Yangu imewekwa kilo 1.1, na kitako cha mbele nakishika kwa mkono, sikiachi kielee juu ya fimbo.

Mizani ya bunduki imebaki nzuri kwa sababu uzito umetoka mbele, juu na nyuma kwa pamoja. Inakaa sawa kidoleni kwenye skrubu ya mbele. Aliyebadili kitako peke yake akaacha mtutu mnene atabeba bunduki inayoinamisha pua.

Bolti iliyochimbwa mifereji, pamoja na kirungu cha titani kwenye mkono wake, sikuviona vina maana, gramu 50 kwa pesa nyingi. Na .375 ya nyati isiguswe: uzito wake ndio unaokuwezesha kurudi kwenye shabaha kwa risasi ya pili.

Kabla ya kupokea bunduki yako, soma namba ya risiva na kaliba iliyogongwa kwenye mtutu, ulinganishe na leseni herufi kwa herufi. Fundi akisaga mtutu anaweza kufuta maandishi, na kuyagonga upya ni kazi yake kabla bunduki haijatoka kwake.