Vibao vya Kung'aa Gizani: Tazama Kwanza Weupe Ulio Chini ya Mng'ao

Tangu nilipoandika kuhusu mitungi ya kuzimia moto, malalamiko ninayoletewa na wenye nyumba za wageni, hosteli na shule za bweni za Arusha na Moshi yamekuwa ya aina moja. Walinunua vibao vya "Njia ya Kutokea" walivyoambiwa kwamba vinang'aa gizani, wakavibandika kabla ya ukaguzi, na usiku umeme ulipokatika vibao vikaonekana kwa dakika chache tu, kisha korido ikawa giza tupu. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni eneo la Sakina, Arusha, ananieleza kwamba wageni wake walishuka ngazi kwa kupapasa ukuta, ilhali kibao alichokilipia fedha nyingi kilikuwa juu ya vichwa vyao na hakuna aliyekiona.

Hili ni jambo la uhai wa watu. Mkoa wa Kilimanjaro haujasahau mwaka 1994, bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga wilayani Rombo lilipoungua usiku na kuchukua maisha ya makumi ya wasichana. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo, lakini ukaguzi kwa kawaida hufanyika mchana, na mchana kila kibao chenye rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani hafifu kinafanana na kingine. Kwa hiyo mzigo wa kujua kama kibao kinafanya kazi unabaki kwa mnunuzi.

Sitazungumzia ukubwa wa kibao, umbo la mshale wala aina ya gundi, kwa kuwa hayo kila muuzaji anayaeleza bila kuulizwa. Ninachotaka kila msomaji akikague kabla ya kutoa fedha ni rangi nyeupe iliyo chini ya tabaka linalong'aa, na nitakaa hapo kwa muda, maana sijasikia muuzaji hata mmoja akiitaja.

Tabaka la kung'aa ni punje za unga zilizoshikwa ndani ya wino, rangi au plastiki angavu. Punje hizo hunywa mwanga wa taa au wa jua, kisha huutoa polepole gizani, na huutoa pande zote. Mwanga unaokwenda mbele humfikia mtu aliye koridoni. Ule unaorudi nyuma hukutana na chochote kilicho chini yake. Kikiwa cheupe, mwanga hurudishwa mbele kwa mtazamaji. Kikiwa cheusi, cha kijivu au cha rangi ya mbao, humezwa hapo hapo na haumsaidii mtu. Wakati wa kuchaji mambo huwa vivyo hivyo, kwa sababu mwanga wa taa uliopenya kati ya punje bila kunaswa hurudishwa na weupe na kupita kwenye punje kwa mara ya pili. Ndiyo maana unga uleule, ukipakwa kwa unene uleule, hutoa kibao kizuri juu ya weupe na kibao dhaifu juu ya ubao wa mninga au bati lililopakwa rangi nyeusi.

Fundi wa mabango anaujua weupe huo kama hatua ya ziada: koti moja zaidi la rangi, muda zaidi wa kusubiri ikauke, gharama zaidi. Anayetaka kumaliza kazi mapema huiruka, na kwa kuwa mchana haionekani kasoro yoyote, mteja huondoka ameridhika. Wapo pia wanaopaka weupe mwembamba ambao ukiweka kiganja nyuma ya stika na kuielekeza dirishani, kivuli cha vidole vyako kinaonekana vizuri. Weupe wa namna hiyo haurudishi mwanga wa kutosha.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji kifaa chochote. Omba kipande kidogo cha stika unayotaka kuuziwa. Weka karatasi ngumu mbili, moja nyeusi na moja nyeupe, zikigusana ubavu kwa ubavu, kisha laza kipande hicho juu yake ili nusu ikae kwenye nyeusi na nusu kwenye nyeupe. Kiache chini ya taa ya kawaida ya chumba kwa dakika 20 hivi, halafu zima taa. Nusu zote mbili ziking'aa sawasawa, stika ina weupe wake yenyewe na unaweza kuibandika popote. Nusu iliyo juu ya nyeusi ikiwa hafifu, utauona mpaka umenyooka katikati ya kipande kama uliochorwa kwa rula, na hapo umeshajua kwamba stika hiyo inaazima weupe wa ukuta. Kwa kibao kigumu, tazama ukingo pale kilipokatwa: unapaswa kuona utepe mweupe chini, utepe wa manjano-kijani juu yake, na kifuniko angavu mwisho. Ukikwaruza utepe wa manjano kwa ukucha na ukakuta plastiki ya kijivu moja kwa moja, rudisha.

Jambo la pili ni unga wenyewe. Kwa miaka mingi ulitumika unga wa zinki salfaidi uliotiwa shaba kidogo, ambao hufifia upesi na ambao jua likikutana na unyevu huugeuza kuwa wa kijivu. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilivumbua unga wa strontiamu aluminati uliotiwa uropiamu na disprosiamu, ikauita LumiNova, na mng'ao wake pamoja na muda wake ni takriban mara kumi ya ule wa zamani. Kwa kibao cha usalama nunua huu tu. Adui yake ni maji: punje ambazo hazijafunikwa kwa kinga huharibika zikilowa, kwa hiyo fundi anayekoroga unga huo wa kawaida ndani ya rangi ya maji ya ukutani anaharibu mali yako akiwa bado anaipaka. Unga huo ni mzito na huzama chini ya kopo, hivyo ni lazima ukorogwe mara kwa mara wakati wa kazi. Usikubali pia usagwe upya ili upite kwenye skrini nyembamba, yaani kitambaa cha matundu madogo ambacho fundi husukumia wino upite anapochapa, kwa sababu punje zikivunjwavunjwa mng'ao hupungua sana.

Kibao kilichopimwa kinaweza kuwa na namba ndogo ukingoni kwa utaratibu wa Kijerumani wa DIN 67510, zinazoandikwa kwa mtindo wa 150/22 na kufuatiwa na namba kubwa zaidi. Ya kwanza ni mwanga uliobaki dakika 10 baada ya taa kuzimwa, ya pili ni uliobaki baada ya dakika 60, zote kwa milikandela kwa mita ya mraba, yaani kipimo cha mng'ao, na inayofuata ni dakika ambazo kibao huchukua hadi kushuka kufikia 0.3, kiwango ambacho bado ni kama mara mia moja ya kile ambacho jicho lililozoea giza linaweza kukitambua. Kama unataka kipimo cha chini cha kujilinganisha nacho, azimio la Shirika la Kimataifa la Bahari la mwaka 1993 kuhusu alama za njia za kutokea kwenye meli za abiria linadai milikandela 15 baada ya dakika 10 na 2 baada ya dakika 60. Kumbuka kwamba maabara huchaji kibao kwa taa ya zenoni ya luksi 1000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu) kwa dakika 5, mwanga ambao korido zetu hazina, kwa hiyo chukua namba kubwa kuliko unayodhani inakutosha.

Sasa nipange vilivyopo sokoni.

Nafasi ya kwanza naipa Jalite ya Uingereza, na ninasema wazi kwamba naipendelea. Ni vibao vigumu vilivyotengenezwa kiwandani kwa kazi hii, weupe wake ni sehemu ya kibao chenyewe, na picha ya mtu anayekimbia kuelekea mlangoni imechapwa kwa usafi, bila wino wa kijani kumwagikia sehemu inayopaswa kung'aa. Katika hosteli ninayoisimamia hapa Moshi, ukiingia koridoni kabla ya alfajiri, macho yakishazoea giza, mshale bado unasomeka. Huku kwetu ni vya kuagiza, na bei yake inauma, lakini kwa ngazi na milango ya dharura sioni sababu ya kushuka chini ya hapo. Ukivikosa, Everglow ya Ujerumani ni chaguo la heshima.

Nafasi ya pili ni kuchapisha kwa skrini kwa kutumia unga wa strontiamu aluminati, na hapa tuna bahati, kwa kuwa Arusha ina mafundi hodari wa skrini wanaoishi kwa kuchapa fulana za watalii. Njia hii inafaa kwa maandishi yasiyopatikana kiwandani: namba za vyumba, jina la loji, au "Mahali pa Kukusanyika" kwa Kiswahili. Masharti ni manne na yaandikwe kwenye makubaliano: koti la weupe lipigwe kwanza hadi lisipenyeze mwanga, skrini iwe ya matundu makubwa ili punje zipite nzima, wino uwe angavu na usiwe wa maji, isipokuwa kama unga umefunikwa kwa kinga, na tabaka la kung'aa lipitishwe mara kadhaa, kila mara baada ya lililotangulia kukauka. Mpito mmoja hautoshi, hata kama fundi anaapa. Mwambie pia asijaze kibao kwa wino wa kijani na maneno membamba, kwa sababu kinachong'aa ni ile sehemu iliyoachwa wazi, na herufi nyembamba kama uzi hazisomeki kutoka mwisho wa korido.

Nafasi ya tatu ni stika ya roli ambayo duka la mabango hukata na kuchapa juu yake. Ubora wake hutofautiana mno kutoka roli hadi roli, na hapa ndipo jaribio la karatasi nyeusi na nyeupe linapolipa. Angalia pia isiwekwe plastiki ya kuzuia jua juu ya stika ya nje. Plastiki hiyo huzuia sehemu ya mwanga ambayo punje hujichajia, na duka huiweka kwa mazoea kwa sababu ndivyo linavyofanya kwa mabango mengine yote.

Rangi za kopo na za kupuliza, kama zile za Rust-Oleum, naziweka nafasi ya nne. Zinafaa kwa ukingo wa ngazi au kitasa cha mlango wa stoo, zikipakwa koti kadhaa juu ya rangi nyeupe, lakini unene wake hutegemea mkono wa mpakaji na hazifai kwa kibao cha kuokoa maisha.

Stika za nyota za watoto na vibao vya bei ya kutupa vinavyopangwa chini sokoni, viacheni. Vingi havifikishi saa moja.

Jambo moja kuhusu taa zenu kabla sijawageukia wauzaji. Unga huu huchajiwa vizuri zaidi na mwanga wenye bluu na urujuani, kwa hiyo balbu ya LED ya rangi ya manjano, ambayo loji nyingi huipenda kwa uzuri wake, huchaji polepole kuliko ile nyeupe, na korido yenye taa ya kujizima mtu akipita huacha kibao kikiwa na njaa usiku kucha. Wekeni balbu nyeupe karibu na kila kibao na iwake.

Kuhusu wauzaji, nimechoka kunyamaza. Kuna mtindo wa kuulizwa "Ni kwa ajili ya nyumbani au hoteli?" kabla ya kutajiwa bei, na jibu lako ndilo linaloamua utalipa kiasi gani kwa kibao kilekile. Kuna mtindo wa kuuza stika ya kuakisi, ile ya kubandikwa nyuma ya magari, kwa jina la stika ya kung'aa gizani. Muuzaji huimulika kwa simu, inarudisha mwanga, na mteja anaamini, ilhali bila tochi haitoi mwanga wowote. Na kuna lile la kugusisha tochi ya simu kwenye kibao kwa sekunde chache, kukifunika kwa koti na kukuita uchungulie. Mwanga wa tochi iliyogusishwa ni mkali kuliko wa korido yoyote, na katika dakika ya kwanza hata unga duni hung'aa sana. Anayeuza kitu cha kuwaongoza watoto kutoka bweni linaloungua, na anajua kwamba kitazimika kabla hawajafika mlangoni, anafanya jambo baya, na bei kubwa anayodai inalifanya kuwa baya zaidi.

Dai kuondoka na kibao kimoja cha majaribio kabla ya kulipia vyote. Kibandike mahali pake, chini ya taa yako mwenyewe, na usiku zima umeme kwenye swichi kuu, kaa koridoni, ukitazame baada ya dakika 10 na tena baada ya saa moja. Ukiridhika, risiti ya EFD iandikwe aina ya unga, namba za mng'ao na idadi ya vibao, badala ya neno "stika" peke yake, ili vikizimika mapema uwe na kitu cha kumwonyesha muuzaji.