Lenzi ya kupigia picha jimnastiki ya watoto ukumbini: uanze na ipi?

Macho yako yanaona ukumbi umewaka taa kila kona. Kamera inaona giza. Na flashi mashindanoni ni marufuku, kwa haki kabisa: mtoto yuko juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10, umemmulika machoni wakati anajipindua, ataanguka vibaya. Kwa hiyo usikimbilie kamera mpya. Weka pesa kwenye lenzi inayoingiza mwanga mwingi. Namba ya f ni ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi. Milimita zikiongezeka, lenzi inavuta mbali zaidi.

1. Milimita 85, f/1.8. Kwa mzazi anayeruhusiwa kusogea karibu, naiweka hii mbele ya zote. Inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Canon, Nikon na Sony wote wanayo, ni nyepesi, na bei yake haikaribii ile ya zumu kubwa. Picha ninayoipenda kuliko zangu zote niliipiga kwa lenzi hii: binti amepiga makofi, vumbi la chaki limetanda mbele ya uso wake, macho yameshatangulia kwenye fito. Ilikuwa kasi ya 1/800 ya sekunde, f/2, ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Ukifungua hadi f/1.8 angalia sana fokasi, maana uso unaweza kuwa mkali na vidole vya miguu vikapotea kwenye ukungu.

2. Zumu ya 70-200, f/2.8. Ukilazimika kukaa jukwaani na watazamaji, hii ndiyo namba moja. Unamfuata mtoto tangu anapoanza kukimbia hadi anapotua bila kunyanyuka kitini. Ukumbi uleule utakudai ISO 6400. Chenga, yaani punjepunje kwenye picha, zitakuwepo, lakini picha inafaa kuchapishwa. Nyingi ni nzito, baada ya saa mbili mkono unalia, basi nunua na monopodi, ule mguu mmoja wa kuegemeza kamera. Wenye Sony waiangalie Tamron ya 70-180, f/2.8, ambayo haifiki kilo moja. Matoleo ya zamani yaliyotumika bado yanafanya kazi nzuri sana.

3. Milimita 135, f/1.8 au f/2. Tamu mno kwa boriti. Ila mtoto akikusogelea, miguu inakatika kwenye picha. Iwe lenzi ya pili.

Mwisho: 70-300, f/4-5.6. Ukiivuta yote unabaki na robo ya mwanga wa f/2.8. Kasi ileile itakupeleka ISO 25600, na sura ya mwanao itamezwa na chenga. Iache kwa michezo ya uwanjani mchana.

Yoyote utakayochukua, tumia shata ya kawaida, pazia la kamera linalofunguka na kujifunga. Ile ya kielektroniki, ya kimyakimya, chini ya taa za LED, mara nyingi huchora mistari ya giza picha nzima. Na kama lenzi ni ya mkono wa pili, ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, fungua tundu lote, piga maandishi madogo kutoka mita tatu, kisha kuza picha uone kama yanasomeka kabla hujalipa.