Founders Online: anza na waliowaandikia wakubwa

Kwa anayetaka kujua Wamarekani wa kwanza walivyobishana kuhusu taifa lao, naipendekeza Founders Online kwa moyo wote. Ni tovuti ya barua na maandishi ya waasisi wa Marekani, mali ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya nchi hiyo, iliyotayarishwa pamoja na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Virginia. Husajili jina wala hulipi. Barua zimenakiliwa kama maandishi tu, bila picha za karatasi zenyewe, kwa hiyo bando haliishi haraka.

Wengi huingia kumtafuta Washington, Hamilton au Jefferson. Ushauri wangu ni kuandika jina la Jefferson upande wa mpokeaji, si wa mwandishi. Hapo ndipo nilipokutana na barua ya wakazi wa Cheshire, Massachusetts, waliomtumia Jefferson, aliyekuwa rais wakati huo, jibini la ratili 1,235, likamfikia tarehe 1 Januari 1802. Ni Wabaptisti, wakulima, wafuasi wa chama cha Jefferson, katika jimbo ambalo kodi ililisha kanisa lililopendelewa na sheria. Wanamwambia kwamba jibini hilo limetengenezwa na wakulima waliozaliwa huru, wakisaidiwa na wake na mabinti zao, bila mkono wa mtumwa hata mmoja. Na wanamwandikia nani? Mtu aliyemiliki watumwa! Niliisoma barua hiyo tena na tena. Wasomaji wa historia wanaijua zaidi barua ambayo Jefferson aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, siku hiyohiyo, kuhusu ukuta kati ya kanisa na dola. Zisome pamoja, utaona siasa ya vyama ilivyoshuka hadi kwenye zizi la ng'ombe.

Kisha msome Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland, mwanaastronomia aliyejifunza mwenyewe. Tarehe 19 Agosti 1791 alimrudishia Jefferson maneno ya Azimio la Uhuru, akamuuliza inakuwaje aliyeyaandika awashikilie ndugu zake utumwani. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja: la heshima, lenye taarifa kwamba ameituma almanaka ya Banneker, yaani kitabu chake cha kalenda na mienendo ya nyota, kwa mwanahisabati Condorcet huko Paris, na kuhusu kuwaacha huru watumwa wake mwenyewe hakuna neno. Mabishano yote ya taifa lile yamo katika kurasa hizo chache.

Maelezo ya wahariri chini ya barua ni hazina. Yanakutajia watu, magazeti na ugomvi unaoguswa kwa kifumbo. Kwenye barua za miaka ya baadaye, nyingi bado hazina maelezo hayo. Sehemu kubwa ni Kiingereza, tena cha tahajia ya zamani, hivyo jaribu kuandika neno unalotafuta kwa namna zaidi ya moja.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mkusanyiko umejengwa kuzunguka wanaume saba, na waliokuwa watumwa wao huonekana zaidi kama majina ndani ya hesabu na barua za mabwana zao.